Jamani, Ubao Ununuliwe Mwisho!

Nimechoka. Nimechoka kusoma na kusikia ushauri wa kununua longibodi unaoanza na ubao. Ubao wa mianzi. Ubao wenye mchoro wa chui. Ubao unaonesanesa kama kitanda cha springi. Ubao mrefu "kwa sababu mrefu hautikisiki". Halafu mwishoni kabisa, fedha zikiwa zimekwisha, mnunuzi anakumbushwa kwa herufi ndogo kwamba ingefaa pia avae helmeti. Huu ni uzushi, na uzushi wenyewe ni wa kuvunja watu shingo.

Kwa wadau ambao hawajakutana na kitu hiki, longibodi ni kaka yake skeitibodi: ubao wenye magurudumu manne, mkubwa kidogo, na magurudumu yake makubwa na laini zaidi. Kuna watu wanautumia kwenda chuoni, hao siwasemi. Nawasema wale wanaoupeleka juu ya mlima wenye lami, wanasimama juu yake, wanajikunja kama jongoo aliyeguswa, wanajiachia mpaka chini. Injini hakuna. Usukani hakuna. Na sikiliza vizuri hapa, breki hakuna. Kozákov kule Jamhuri ya Czech, Teutônia kule Brazil, Pender Harbour kule British Columbia, Kanada, kote huko pamewahi kufanyika mashindano ya namna hii, na washindani wakubwa hupita kilomita 100 kwa saa wakiwa wamesimama. Mwaka 2012 Mkanada Mischo Erban alipimwa akienda kilomita 129.94 kwa saa huko Les Éboulements, Quebec. Mwaka 2016 Mmarekani Kyle Wester akafika 143.89 kule Colorado. Mwaka 2017 Mwingereza Pete Connolly akarudi kwenye mteremko uleule wa Quebec akafika 146.73. Kwa miguu miwili juu ya ubao! Hebu fikiria Coaster linakupita kwa mwendo huo, halafu uambiwe abiria amesimama nje.

Najua mtu ataniuliza, wewe mwandishi wa habari wa Dar es Salaam, mji ambao mwinuko wake wa kujivunia ni Pugu, longibodi inakuhusu nini? Inanihusu kwa sababu mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anasoma Vancouver. Vancouver imepakana na milima, na barabara za makazi ya upande wa kaskazini zimepanda milima hiyo kama ngazi. Vijana wa kule wanaziteremka kwa longibodi tangu zamani. Dogo naye akaambukizwa. Akawa na dola 450 alizopata kwa kazi ya kuosha vyombo, akaingia dukani, akatoka na ushauri, na kabla hajalipa akaniandikia.

"Kaka shikamoo. Muuzaji anasema nichukue huu mrefu wa mianzi, unanesa vizuri, una beringi za ABEC 9, na ukianza kutikisika kwenye spidi nikaze tu traki. Unaonaje?"

Ninaonaje? Ninaona katika sentensi moja mtu amempa mdogo wangu makosa manne. Na si muuzaji huyo peke yake. Ushauri huohuo umejaa kwenye video na kwenye vijiwe vya vijana, unapokezanwa kama mapokeo ya wazee. Nimekaa wiki mbili nikisoma na kuwauliza wanaoteremka kweli, na sasa nasema.

Tuanze na hiyo ABEC maana haistahili muda mrefu. Ni kipimo cha kamati ya wahandisi wa beringi wa Marekani, nacho kinaeleza usahihi wa vipimo vya beringi, yaani tundu na duara vimechongwa kwa kukaribiana kiasi gani na vile vilivyokusudiwa. Hakisemi beringi itakwenda kasi kiasi gani chini ya kijana wa kilo 65. Piga hesabu mwenyewe. Gurudumu la milimita 70 lina mzingo wa sentimita 22 hivi. Ukienda kilomita 60 kwa saa linazunguka mara 75 au 76 kwa sekunde, kama mara 4,500 kwa dakika. Beringi ya kawaida ya aina ya 608, hiyohiyo inayowekwa kwenye skeitibodi, imetengenezwa kuvumilia mizunguko zaidi ya 30,000 kwa dakika. Kwa hiyo hata ya bei rahisi inafanya kazi ikiwa nusu usingizi. Anayekuongezea dola 40 kwa ajili ya namba 9 anakuuzia namba. Nunua ya kawaida, ipake mafuta, basi.

Sasa tuje kwenye kutikisika, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Kila longibodi ina traki mbili, moja mbele moja nyuma. Traki ni ule mkono wa chuma ulioshika ekseli. Ina bamba lililofungwa kwenye ubao kwa boliti nne, na kati ya bamba na mkono kuna bushi, vipande vya raba ngumu kama bushi za gari, viwili kwa kila traki. Ukilalia upande mmoja, bushi zinabanwa, ekseli inapinda, ubao unakata kona. Ndiyo usukani wako huo. Mbele inapinda kwenda upande uliolalia, nyuma inapinda kinyume chake, na ubao unazunguka kama unazungukia kitovu chake.

Kwa mwendo wa kwenda dukani, raha mustarehe. Kwa kilomita 50 kwa saa ni hatari tupu, kwa sababu una chombo kinachoendeshwa na magurudumu ya nyuma sawa na ya mbele. Waliowahi kuona folklifti ikifanya kazi bandarini wanajua. Ile mashine inakata kona kwa magurudumu ya nyuma, inajigeuza mahali pafinyu vizuri sana, lakini hakuna mwenye akili anayeipeleka Barabara ya Morogoro ikimbizane na mabasi ya mkoa. Nyuma ikipinda kidogo tu, kila kitu kinayumba. Na tela la lori je? Likianza kucheza nyuma, dereva anapambana na kitu kilichokwisha kujiamulia. Ndivyo inavyokuwa kwenye ubao. Nyuma inacheza kushoto, wewe unashtuka na kuegemea kulia, nyuma inakwenda kulia zaidi, unashtuka tena, na kila mshtuko ni mkubwa kuliko uliopita. Ndani ya sekunde moja au mbili uko hewani.

Dawa anayotoa mzee wa dukani ni kukaza nati ya katikati ya traki. Kaza, kaza, mpaka ubao hausogei. Jamani! Ukikaza bushi kupita kiasi umeziponda kabla hata hujasimama juu yake. Ubao unakuwa mkavu katikati, haupindi mpaka uuegemee kwa nguvu, halafu unapinda ghafla. Tatizo lenyewe umelisogeza mbele tu, kwenye mwendo mkubwa zaidi, na umejinyang'anya uwezo wa kukata kona. Yaani mtikisiko utakufika pale unapoumia zaidi, na ukiwa huna usukani wa kukwepa gari linalopanda. Huo ndio ushauri wa bure anaopewa mtoto wa mama mdogo.

Wanaoshindana wanafanya kinyume. Wanapunguza usukani wa nyuma. Bamba za traki zinatengenezwa kwa nyuzi mbalimbali. Lenye nyuzi 50 linageuza mlalo kidogo kuwa kona kubwa, na lenye nyuzi 20 au 25 unaweza kulala sana na ekseli ikapinda kidogo tu. Mbele wanaweka nyuzi nyingi, nyuma chache, tuseme 45 na 25. Mbele inaongoza, nyuma inafuata, kama baiskeli. Mtindo huu umeenea sana katika miaka ya karibuni pamoja na traki nyembamba, na nyingi ya traki hizo zinachongwa kwa mashine na kuuzwa mamia ya dola. Mwanafunzi hana haja ya kuuza figo. Traki za kumiminwa kama Paris au Caliber zinapatikana na bamba la nyuzi 50 na lile la 43 au 44, na Randal wametengeneza hata la 35. Na kama huna uwezo wa hilo, kuna kabari za plastiki za dola chache, ambazo ukizipachika chini ya traki ya nyuma kwa upande unaofaa zinapunguza nyuzi kadhaa. Kabari! Kitu ambacho fundi seremala yeyote wa Keko angekitoa kwenye takataka zake.

Halafu bushi. Hizi ndizo kitu kinachobadilisha ubao kuliko chochote kwa bei ndogo kuliko zote, kama dola 10 kwa traki moja, na karibu hakuna anayezitaja kwa mnunuzi mpya. Bushi zinazokuja na traki zimewekwa kwa mtu wa wastani, na huyo mtu wa wastani mimi sijawahi kukutana naye. Ugumu wake unaandikwa kwa namba na herufi A, na unachaguliwa kwa uzito wako. Kijana wa kilo 65 anaweza kuanzia 87A mbele na 90A nyuma, asikilize mwili wake, apandishe au ashushe. Mwenye kilo 90 akitumia za huyo wa 65 atatikisika tu, hata afunge traki za bei ya pikipiki. Na kilichobaki ni cha bure kabisa: uzito wako ukae mguu wa mbele. Mguu wa nyuma ukibeba mzigo, ndio unaoendesha folklifti.

Urefu je? Nao ni hadithi. Kuna kipindi, miaka ya 2010 hivi, ubao wa mteremko ulikuwa wa inchi 38 au 40, umening'inizwa chini, na traki pana za milimita 180. Picha hizo ndizo zilizobaki vichwani mwa wauzaji. Tazama mbio za siku hizi uone. Ubao mfupi, mgumu kama meza ya mwalimu, traki zimesogezwa ndani, umbali kati yake mara nyingi chini ya inchi 25. Utulivu unatoka kwenye nyuzi za traki, kwenye bushi, na mahali miguu ilipo. Ubao unaonesa ni mtamu kwa kuchezacheza barabara ya ufukweni, siukatai kabisa, lakini ukiuteremsha mlimani kule kunesa kunageuka kuwa springi nyingine ambayo hukuiomba, inayojibu kila mtikisiko kwa mtikisiko wake. Unachotaka kwenye ubao wa mteremko ni vitu vitatu visivyovutia hata kidogo kwenye picha: usinese, uwe na mbonyeo wa kushika miguu, na uwe na msasa mkali juu. Mchoro wa chui utauona siku uko chini yake.

Lakini yote hayo ni kuhusu kwenda. Kosa la nne la yule muuzaji, na ndilo kubwa, ni kwamba hakusema neno hata moja kuhusu kusimama.

Hebu tulitazame jambo hili kama watu wazima. Kilomita 60 kwa saa ni mita karibu 17 kila sekunde. Kona ambayo unaona mita 40 mbele yake inakupa sekunde mbili na ushee. Na mwili unaokwenda kilomita 60 kwa saa umebeba nguvu ileile ya mwili ulioanguka kutoka mita 14, yaani ghorofa ya nne au ya tano. Kilomita 40 ni kama mita 6. Hata 30, ambayo kwa baiskeli ni mwendo wa mzee anayewahi shamba, ni mita tatu na nusu. Sasa niambie, ungepanda juu ya paa la nyumba ya ghorofa moja bila kujua utashukaje?

Kuna njia mbili kuu za kusimamisha longibodi. Ya kwanza ni kuburuza mguu wa nyuma kwenye lami, soli bapa, uzito ukiwa mguu wa mbele. Ni breki ya kweli kwa mwendo wa chini, inakula viatu, na ubao ukiwa juu sana inakuwa kazi ya sarakasi. Hiyo nayo ni sababu ya kutazama kimo cha ubao kabla ya mchoro wake. Ya pili ni kuserereka. Unaugeuza ubao ukae mkingamo, magurudumu yanaacha kuzunguka na kuanza kusugua lami, mwendo unakatika. Mtu aliyeifanya kuwa elimu ni Cliff Coleman wa Berkeley, California, kwenye vilima vya mji huo katika miaka ya 1970. Unachuchumaa, unaweka mkono chini umevaa glavu yenye kipande cha plastiki ngumu kiganjani, unaegemea, ubao unageuka. Mpaka leo mtindo huo unaitwa kwa jina lake. Zaidi ya miaka 40 imepita na bado kuna maduka yanayouza ubao wa mteremko kwa mtu ambaye hajawahi kuiona hiyo glavu!

Glavu ni dola 40 hivi. Ndiyo pedali yako ya breki. Kama gari lingeuzwa bila pedali ya breki, na muuzaji akakuambia ukitaka utainunua baadaye fedha zikipatikana, ungemwita polisi.

Na magurudumu yachaguliwe kwa kusudi hilohilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kijana mmoja wa Kimarekani, Frank Nasworthy, ndiye aliyeleta magurudumu ya poliyurethani yaliyoitwa Cadillac. Kabla yake watu walikuwa wanatumia ya chuma na ya udongo mgumu, ambayo kokoto moja tu ilitosha kukumwaga. Poliyurethani inang'ata lami, na inaweza pia kuiachia polepole ukiitaka iserereke. Anayeanza anataka gurudumu la milimita 70 au pungufu kidogo, ugumu wa kati ya 78A na 82A, na kingo za mviringo. Kingo kali zinang'ata sana, zinawafaa washindani wanaokata kona kwa kasi, lakini kwa mwanafunzi zinang'ata halafu zinaachia ghafla halafu zinang'ata tena, na katikati ya hayo yeye yuko mdomo chini. Muuzaji atakuambia makubwa zaidi ndiyo yana kasi zaidi. Ni kweli. Ila mteremko hauna upungufu wa kasi.

Nikisema hivi kuna watu wananiambia ninatisha watoto. Wananikumbusha Signal Hill. Haya, tuikumbuke Signal Hill. Ni mji mdogo uliozungukwa na Long Beach, California, na kuanzia mwaka 1975 palikuwa na mbio za kuteremka barabara yake moja kali sana. Wengine walisimama, wengine walilala ndani ya vigari walivyojitengenezea wenyewe. Akili yote ilikwenda kwenye kasi. Ya mwisho ilikuwa mwaka 1978, baada ya ajali zilizojeruhi washindani na hata watazamaji. Miaka minne tu! Anayeileta Signal Hill kama ushahidi kwamba wazee walijiachia tu mambo yakawa sawa, amesoma nusu ya hadithi. Leo mbio kubwa za kimataifa za mchezo huu haziruhusu mtu mlangoni bila helmeti ya kufunika uso mzima, glavu na suti ya ngozi. Hao ni watu wanaojua kuliko sisi sote, kwenye barabara iliyofungwa, na marobota ya majani yamepangwa konani. Halafu mdogo wangu, ambaye amejifunza mwezi mmoja, aende kwenye barabara yenye magari na kofia ya sufi?

Wengine wananiletea Afrika. "Mbona watu wa Goma wanateremka na chukudu bila kelele zote hizi?" Nashukuru kwa swali, maana linanisaidia mimi. Chukudu ni ile baiskeli ya mbao ya Kivu Kaskazini, haina pedali, inabeba viazi, makaa na mbao kutoka vilimani kama Kibumba mpaka mjini, mzigo wa mamia ya kilo. Goma kuna hata sanamu yake ya rangi ya dhahabu. Itazame vizuri chukudu siku moja. Kwenye gurudumu la nyuma utakuta kipande cha tairi kuukuu ambacho mteremshaji anakikandamiza kwa mguu. Breki! Fundi asiye na karakana ya umeme, anayechonga kwa panga na tezo, alijua kwamba chombo cha mteremko hakijakamilika bila kitu cha kukisimamisha. Na yule anashuka kwa sababu viazi lazima vifike sokoni. Wewe unashuka kwa starehe, tena umelipia.

Pingamizi moja nalipa heshima yake: kwamba anayeanza hataenda kasi, kwa hiyo aanze na chochote kile, ataboresha baadaye. Lina mantiki, lakini halijui milima. Kwenye tambarare unachagua mwendo wako kwa kusukuma. Kwenye mteremko mwendo unachaguliwa na mlima. Ukijiachia mahali pakali bila kujua kusimama, hakuna sehemu inayoitwa "polepole kwanza". Binadamu wa kawaida akiruka kutoka kwenye ubao anaweza kukimbia mpaka kama kilomita 20 au 25 kwa saa, akiwa na bahati na pumzi. Mlima wa kawaida wa mtaani unakupitisha hapo kabla hujafika nyumba ya nne.

Na helmeti yenyewe isichukuliwe kama hirizi. Kiwango cha Marekani cha helmeti za baiskeli, CPSC, kinapima kwa kuiangusha kwenye chuma bapa kutoka mita mbili, mwendo wa kama kilomita 22 kwa saa. Hiyo inafanana na kichwa chako kuanguka kutoka kimo chako kugonga lami, na kwa hilo inafanya kazi yake vizuri sana. Haikupimwa kwa wewe kugonga mlango wa gari kwa kilomita 60. Ndiyo maana nasisitiza kusimama. Helmeti ni ya siku kusimama kumeshindikana.

Basi dogo nilimwandikia hivi, na bei hizi ni za kukadiria, duka na duka zinatofautiana. Dola 200 helmeti ya uso mzima yenye alama ya kupimwa. Dola 40 glavu. Dola 30 vikinga magoti, maana kuserereka utajifunzia magotini. Hapo umetumia 270 na hujanunua hata skrubu ya ubao, na ni sawasawa kabisa. Dola 60 jozi ya traki za kumiminwa. 45 magurudumu. 20 bushi za uzito wako, mbele na nyuma. 15 beringi zisizo na mbwembwe. Jumla 410. Zimebaki 40, na hizo ndizo za ubao. Tafuta wa mtumba, mgumu, usio na ufa wala maji yaliyoingia kwenye tabaka, hata kama mchoro wake umefutika wote. Usipoupata wiki hii, vaa glavu na magoti, azima ubao wa mtu, nenda maegesho matupu siku ya Jumapili ujifunze kuserereka kwa mwendo wa kutembea.

Alijibu usiku uleule. "Kaka, sasa nitaonekana kituko. Helmeti ya dola 200 na ubao wa 40?"

Nikamwambia ndiyo, atacheka yeyote anayetaka. Akauliza swali moja tu la maana: kama ubao unaweza kuwa wa mtumba, na magurudumu na traki pia, kwa nini na helmeti isiwe ya mtumba, amepata moja safi kabisa kwa dola 50? Hapana. Povu la ndani limetengenezwa kupondeka mara moja. Likishapondeka halirudi, na kwa nje usione hata mkwaruzo. Aliyeivaa kabla yako hatakuambia aliangukia wapi.